Kuombea Majaribu: Kabla Hayajafika, Yakiwa Mlangoni, na Ukishaanguka

Nyumbani kwetu Sala ya Bwana hugongana kila jioni. Mimi nimelelewa Mlutheri, mama watoto ni Mkatoliki, na hakuna aliyekubali kuacha maneno aliyofundishwa na bibi yake. Tunaanza vizuri. Tukifika kwenye ufalme, mimi nasema "uje", yeye anasema "ufike", na watoto wanaanza kukanyagana miguu chini ya meza. Mwishoni ndipo tunapoachana kabisa. Mimi: "usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu." Yeye: "usitutie katika kishawishi, lakini utuopoe maovuni." Kisha anasema Amina na kuniacha nikimalizia peke yangu, kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu.

Kugongana huko ndiko kulikonifanya niyasikilize maneno yenyewe. Ombi lile lina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya mtu ambaye bado yuko nje: usinitie. Nusu ya pili ni ya mtu aliyekwisha kuzama: niopoe. Wengi wetu tunaijua hiyo ya pili tu, tunaomba tukiwa tumeshaharibu. Mwongozo huu unafuata nusu zote mbili, ila nitakaa zaidi kwenye ya kwanza, kwa sababu ndiyo tunayoiruka.

Jua kwanza unaomba nini

Neno la Kigiriki lililomo katika Mathayo 6:13 ni peirasmos, nalo hubeba mambo mawili kwa mpigo: mtihani unaompima mtu, kama ugonjwa, ufukara au kufiwa, na ushawishi unaomvuta atende dhambi. "Majaribu" ya Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili tunayoitumia sisi Waprotestanti, imebaki na upana wote huo. "Kishawishi" ya Wakatoliki imeegemea upande mmoja. Ukisali, unaweza kuwa na yote mawili moyoni.

Wapo wanaokwama hapo: kwani Mungu ndiye anayetutia? Yakobo 1:13 inajibu waziwazi kwamba Mungu hamjaribu mtu, na aya inayofuata inasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, huku akivutwa na kudanganywa. Swali hili halituhusu sisi peke yetu. Wakatoliki wa Ufaransa walibadili maneno ya sala hiyo mwishoni mwa mwaka 2017, wakawa wanaomba wasiachwe waingie katika kishawishi. Wa Italia wakabadili ya kwao katika misale mpya, kitabu cha sala za misa, ya 2020. Sisi wa Kiswahili tumebaki na letu na mimi sina ugomvi nalo. Mtoto aliyebebwa mabegani akisema "Baba, usiniangushe", hamshitaki baba yake kwa lolote. Anamshika kichwa kwa nguvu zaidi, basi.

Hatua ya kwanza: itafute saa

Jaribu lina saa yake, na mara nyingi lina kiti chake na siku yake ya wiki. Daudi katika 2 Samweli 11 hakuanguka tu ghafla. Ilikuwa majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, yeye akamtuma Yoabu na jeshi, akabaki Yerusalemu. Ilikuwa jioni, ameamka kitandani, anatembea juu ya dari ya jumba, hana la kufanya. Mwandishi ametupa mahali, saa na hali ya mtu kabla hata hajamtaja mwanamke. Sisi tukiisoma tunakimbilia kwa Bathsheba.

Chukua daftari, au ukurasa wa nyuma wa kalenda, na kwa siku saba andika mambo manne kila jaribu linapokuja: saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, na mwili wako ulikuwa na hali gani. Ulikuwa na njaa? Umechoka? Umetoka kugombana na mtu? Uko peke yako? Usiandike mahubiri wala kujilaumu. Andika kama mlinzi wa getini anavyoandika magari.

Mimi jaribu langu lilikuwa kubeti. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa kanisa nikiwa nimeshapoteza ada ya muhula wa mtoto, nikitegemea atanishika kichwa na kukemea roho ya kamari. Ilikwenda hivi:

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikamweleza yote. Akanyamaza, akakuna kidevu. "Huwa unaomba saa ngapi?"

"Alfajiri, Mzee. Na usiku kabla ya kulala."

"Na hiyo mikeka unaiweka saa ngapi?"

"Jumamosi. Saa sita mchana hivi, nikiwa kwa kinyozi nasubiri zamu."

"Basi tafuta kinyozi mwingine, unyolewe Jumatano. Halafu Jumamosi saa tano na nusu uniombee mimi, na mimi nitakuombea wewe."

Nilitoka nimekasirika, nikaona amenidharau. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba ndiyo ushauri wa kiroho wa maana kuliko wote niliowahi kupewa.

Hatua ya pili: litaje kwa jina lake

"Bwana, nilinde na majaribu yote ya ulimwengu huu" ni sala nzuri ya kufungia ibada. Kwa mtu mwenye jaribu mahususi, ni kama kufika zahanati ukamwambia daktari "naumwa" kisha ukafunga mdomo. Sema: Bwana, nina tamaa na mke wa jirani. Bwana, natamani kuongeza bei ya risiti ya ofisi. Bwana, nikimwona shemeji yangu natamani aumbuke. Bwana, nafungua picha chafu usiku wote wakishalala. Mungu hashtuki.

Kutaja kuna faida nyingine: kunakuonyesha kama kweli unataka kuondokana nalo. Agustino, yule askofu wa Hippo aliyezaliwa Thagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria, alikiri kwamba ujanani aliomba apewe usafi wa mwili, lakini asipewe sasa hivi. Nacheka kila ninapoikumbuka, kwa sababu nimeisali sala hiyo, ila mimi sikuwa mkweli kiasi cha kuitamka. Ikiwa moyo wako unasema "lakini si sasa", mwambie Mungu hivyo hivyo. Mwombe kwanza akupe kutaka.

Hatua ya tatu: liweke Neno tayari

Yesu jangwani, baada ya siku arobaini za kufunga, alijaribiwa mara tatu na mjaribu na mara tatu akamjibu kwa "imeandikwa". Angalia alikoyatoa maneno hayo: Kumbukumbu la Torati 8:3, 6:16 na 6:13. Ni sura mbili tu za kitabu kimoja. Hakuhitaji kuijua Biblia nzima kwa saa ile. Alihitaji maneno yaliyolingana na jaribu lililokuwa mbele yake. Wamonaki wa jangwa la Misri katika karne ya 4 walilishika hilo kwa bidii. Mmoja wao, Evagrius, alikusanya mamia ya aya na kuzipanga kwa makundi manane ya mawazo mabaya, ulafi upande wake, hasira upande wake, uvivu wa kusali upande wake, ili mtu asianze kutafuta aya wakati moto umeshawaka.

Wewe huhitaji mamia. Tafuta aya moja au mbili za jaribu lako, uziandike kwa mkono, uzikariri mpaka uweze kuzisema ukiwa na usingizi. Kwa kuanzia:

Tamaa ya fedha, kamari na rushwa: Waebrania 13:5, "Msiwe na tabia ya kupenda fedha, mwe radhi na vitu mlivyo navyo." Soma na 1 Timotheo 6:9.

Zinaa na picha chafu: 1 Wakorintho 6:18, inayoanza na "Ikimbieni zinaa." Paulo hakusema jadilianeni nayo.

Hasira: Yakobo 1:19-20. Ulimi: Zaburi 141:3, ambayo ni sala kamili yenyewe, mtu anaomba awekewe mlinzi kinywani.

Pombe: Mithali 23:29-35. Isome yote, hata kama ni ndefu. Yule mlevi wa mwishoni anayesema amepigwa wala hana habari, halafu anauliza ataamka lini aitafute tena, utamtambua.

Kukata tamaa: Zaburi 42.

Neno moja kuhusu Zaburi 91, kwa kuwa ndiyo iliyobandikwa kwenye vioo vya daladala na juu ya milango yetu. Ni zaburi nzuri na naisali. Lakini kumbuka ni nani aliyeinukuu katika Mathayo 4:6: Ibilisi, akimtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, eti malaika watamchukua. Na Yesu akakataa. Kwa hiyo usiisali Zaburi 91 huku miguu yako ikikupeleka baa.

Hatua ya nne: omba kabla

Usiku wa Gethsemane Yesu aliwaambia wanafunzi, kwa Luka 22:40, waombe wasiingie majaribuni. Wakalala. Mathayo anayaleta maneno ambayo kila mkesha huyarudia: "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni, roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu." Petro aliyelala saa ya kuomba ndiye huyo huyo, kwa Yohana 18, aliyechomoa upanga na kukata sikio la mtu, na kabla jogoo hajawika alikuwa ameshamkana Bwana wake mbele ya kijakazi. Hakukosa ujasiri wala upendo. Alikosa ile saa moja.

Sala ya kabla isiwe ndefu. Dakika tano za asubuhi zinatosha, na nyingine mbili karibu na ile saa uliyoiandika kwenye daftari. Namna ninayosali mimi siku ya Jumamosi ni hii. Badilisha maneno yawe yako:

"Baba, asante kwa kuniamsha. Leo ni Jumamosi, unaijua Jumamosi yangu. Saa sita nitatamani kuweka mkeka, na moyo utaniambia ni elfu moja tu. Usiniache niingie humo. Nikisahau, unikumbushe. Nikitaka kudanganya, unifunge ulimi. Hela iliyoko mfukoni ni ya unga na ya mafuta ya taa, ibaki hivyo mpaka jioni. Umsimamie na Mzee, na jaribu lake asiloniambia. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina."

Ukiwa Mkatoliki, una hazina ya sala fupi za ulinzi ambazo wengine tunazionea wivu: ile ya malaika mlinzi wanayofundishwa watoto, na ile ya Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu iliyotoka kwa Papa Leo wa 13 mnamo 1886. Ukiwa mlokole na umezoea kujifunika kwa damu ya Yesu, jifunike. Ila lisiachwe lile la kutaja saa na kitu.

Hatua ya tano: funga njia kwa mkono wako

Hapa ndipo maombi mengi yanapovuja. Mtu anakesha Ijumaa nzima akikemea, Jumamosi programu ya kubeti bado iko kwenye simu na inamtumia ujumbe wa bonasi. Ifute. Namba ya yule mtu, ifute. Njia inayopita kwenye kilabu, ipishe hata kama ni fupi. Kama usiku ndiyo saa yako, simu ilale sebuleni, nunua saa ya mezani ya kukuamsha. Mshahara wangu kwa miezi minane ulipokewa na mama watoto. Nilikuwa naomba nauli kama mwanafunzi, na niseme ukweli, iliniuma zaidi ya mfungo wowote.

Kuna wakristo wanaoona kwamba hatua kama hizi ni upungufu wa imani. Yusufu katika Mwanzo 39 alisema maneno mazuri kabisa ya imani kwa mke wa Potifa, tena aliyasema siku baada ya siku. Siku iliyokuwa mbaya kabisa hakuongeza maneno. Aliiacha nguo yake mkononi mwa yule mama, akakimbia, akatoka nje.

Hatua ya sita: saa yenyewe ikifika

Saa ikifika huna muda wa sala ya aya tano. Petro alipoanza kuzama ziwani alisema maneno mawili tu, Mathayo 14:30: "Bwana, niokoe!" Wazee wa jangwani walikuwa na desturi ya kurudia mwanzo wa Zaburi ya 70 katika kila hali, mchana na usiku: "Ee Mungu, uniokoe, Ee BWANA, unisaidie hima." Chagua mojawapo. Iseme kwa sauti kama uko peke yako, maana sauti yako mwenyewe hukuamsha. Halafu sema ile aya uliyoikariri. Halafu ondoka.

Usibaki pale pale ukisali. Nalisisitiza kwa sababu nililikosea mara nyingi: nilikaa kwenye kile kiti cha kinyozi, simu mkononi, nikiomba nguvu ya kutoifungua. Paulo katika 1 Wakorintho 10:13 anasema Mungu pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea. Mlango unatokwa kwa miguu. Toka nje, chota maji, mpigie mtu simu, nenda pale penye watu. Tamaa ni kama wimbi, hupanda na hushuka. Mimi nikishapita nusu saa nikiwa na kazi mkononi, huwa nimeshavuka.

Likipita, shukuru kwa sentensi moja na endelea na shughuli zako. Usianze kujisifu. Luka anasema Ibilisi alipomaliza kumjaribu Yesu alimwacha kwa muda tu.

Ukishaanguka

Sasa tufike kwenye neno la mama watoto, utuopoe. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na kisima cha kamba. Kamba ikikatika, ndoo ilizama, na hakukuwa na hela ya nyingine. Babu aliteremsha ndoano tatu za chuma zilizofungwa pamoja, akalala kifudifudi ukingoni, akawa anaburuza chini kule gizani polepole, haoni kitu, anasikiliza kwa vidole. Sisi tulikatazwa kuongea. Ikinasa, alivuta taratibu mno. Ndoo ilikuja imejaa matope na majani, na babu hakuigombeza. Huko ndiko kuopoa. Ndoo yenyewe haina la kufanya isipokuwa kuwa na mpini unaoshikika.

Kwa hiyo ukianguka:

Rudi siku hiyo hiyo. Usisubiri Jumapili, wala usijiwekee adhabu ya wiki ya kutosali ili kwanza "utakasike". Anayekuambia huwezi kusali ukiwa mchafu anataka ubaki kisimani. Soma Zaburi 51 kwa sauti, yote.

Ungama kwa maneno kamili, bila "ila" na bila "kwa sababu". 1 Yohana 1:9 inaahidi kwamba tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee.

Mwambie mtu mmoja. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane na kuombeana tupate kuponywa. Mkatoliki ana kitubio, na siri ya maungamo humfunga padri moja kwa moja. Sisi wengine tunahitaji kuchagua kwa busara: mtu mzima kiimani, wa jinsia yako ikiwa jambo ni la zinaa, asiye na mdomo, na asiyefaidika na aibu yako. Uamsho uliowaka kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Kenya na Tanganyika ulijenga desturi ya kuungama mbele ya wote, walokole wakiita kutembea nuruni. Umewaponya wengi. Pia umezaa masimulizi ambayo hayakupaswa kutoka chumbani, hasa yanapomgusa mtu mwingine ambaye hakuombwa ruhusa. Mtu mmoja anatosha kuanzia.

Rudisha kilicho cha watu. Ada niliyoipoteza niliilipa kwa vibarua vya miezi mitano. Zakayo alisema atarudisha mara nne. Mimi nilishindwa hata mara moja na nusu, lakini nilirudisha.

Jambo likizidi: maombi ya kufunguliwa

Kuna vifungo ambavyo mtu amevipigania miaka na havilegei. Hapo ndipo watu hutafuta maombi ya kufunguliwa, na ni haki yao. Injili zimejaa watu waliofunguliwa. Ila soko la kufunguliwa limejaa pia.

Anza kwa mchungaji wako au paroko wako, mtu anayekujua na atakayekuwepo wiki ijayo. Kwa Wakatoliki kupunga pepo rasmi kuna utaratibu: kanuni ya 1172 ya sheria za Kanisa inakataza mtu yeyote kufanya hivyo bila ruhusa ya wazi ya askofu wa mahali. Si urasimu. Wana saba wa Skewa katika Matendo 19 walijaribu kutumia jina la Yesu kama dawa ya kuazima, wakatoka mle nyumbani wakikimbia uchi wamejeruhiwa.

Omba uombewe na watu wawili au watatu, mahali pa wazi, ukiwa na ndugu yako unayemwamini. Hakuna anayepaswa kukupiga, kukufunga kamba, kukuvua nguo wala kukufungia chumbani na mtu mmoja. Ukisikia bei, ondoka. Mafuta, maji, chumvi na vitambaa vya kununua havina uwezo ambao sala ya bure haina. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwenye uwanja mmoja mjini Moshi walipokuwa wakisukumana kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa wamekwenda kutafuta kilekile unachokitafuta wewe.

Mfungo nao una mipaka. Mlo mmoja kwa siku, au kutwa mpaka jioni huku ukinywa maji, unatosha kwa watu wengi. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mzee, mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au anayemeza dawa, asifunge chakula. Afunge simu, afunge televisheni, afunge maneno. Anayekuambia ufunge hadi ufe umwone Yesu, huyo mkimbie na umripoti. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwamo ya watoto wengi.

Na dawa usiache. Baba wa yule kijana wa Marko 9 alisema mwanawe huanguka na kutoka povu, na kwa sababu hiyo vijiji vyetu vingi bado vinampeleka kila mwenye kifafa kwenye maombi peke yake, mpaka anaungua jikoni. Peleka kwenye maombi, na peleka hospitali. Vivyo hivyo ARV. Vivyo hivyo unga: Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni mwaka 2011, na anayesimama foleni ile kila asubuhi akisali Zaburi ya 70 hajamkana Mungu. Ukimwombea, mpe na nauli.

Baada ya kufunguliwa ndiyo kazi inaanza. Yesu alisimulia, Mathayo 12:43-45, habari za pepo aliyetoka akazunguka mahali pasipo maji, akarudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaleta wengine saba. Nyumba ilikuwa safi, ila haikuwa na mtu. Ile saa ya jaribu uliyoiandika kwenye daftari lazima iwe na mwenyeji mpya. Jumamosi yangu saa sita sasa ni ya kwaya ya watoto. Siimbi vizuri, nabeba viti na kuhesabu vichwa.

Usiku

Kabla ya kulala pitia siku kwa maswali mawili: jaribu lilikuja saa ngapi, na nilitokea mlango gani? Andika kwenye lile daftari. Kama hukutokea, omba uopolewe usiku huo huo, ulale. Zaburi 4:8 ni ya kitandani: "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara." Siku nyingine usingizi hauji mara. Isome tena.

Jana mdogo wetu wa mwisho aliongoza sala. Alipofika mwisho alisita, akamwangalia mama, akaniangalia mimi, kisha akasema kwa haraka, "usitutie majaribuni wala katika kishawishi, utuokoe na utuopoe," na kukimbilia ugali kabla hatujasema Amina.